Siku Nukta Aliporudisha Miwani

Nimeuza miwani barabarani miaka ishirini na miwili, na watu wamenirudishia miwani kwa kila sababu unayoweza kuifikiria. Imevunjika mguu. Mtu kaikalia. Mke hakuipenda. Mwenyewe kafariki kabla hajaivaa, na ndugu wanauliza kama naweza kuipokea. Lakini wa kwanza kunirudishia kwa furaha, akinicheka usoni kwamba sasa biashara yangu imekufa, alikuwa rafiki yangu mmoja, na habari zake ndizo zinazoninyima raha mpaka leo. Tulimwita Nukta.

Alikuwa sonara. Kazi yake aliifanyia chini ya ngazi ya jengo moja la ghorofa mbili, mahali penye upana wa mlango mmoja, na mimi meza yangu ya kukunja ilikaa pembeni ya nguzo, hatua nne kutoka kwake. Alikuwa na stuli fupi, benchi la mbao lililochimbika katikati kwa miaka ya kusugua, fuawe ya kugongea, ndogo kama kipande cha sabuni, taa ya utambi, na mrija wa shaba aliokuwa akiupuliza kwa mdomo ili ulimi wa moto uinamie pale anapotaka yeye. Wenzake wote walishahamia kwenye mitungi ya gesi. Yeye alisema gesi haina adabu, inafika kabla hujaiita.

Jina la Nukta alilipata kwa mikufu. Mtu alileta mkufu uliokatika, mwembamba, viungo vyake vidogo kama mayai ya chawa, na Nukta aliweka nukta moja ya lihamu pale penye mkato, akapuliza mara moja, kwisha. Mteja aliugeuza mkufu juani, akaupitisha vidoleni, akatafuta palipoungwa, asipaone. Alipomwomba amwonyeshe, Nukta alikataa. "Nikikuonyesha utakuwa unapaangalia hapo hapo kila siku," alisema. "Vaa, mama, usahau."

Mimi aliniita Daktari. Sababu ni koti jeupe nililonunua mitumbani ili vumbi la barabara lisimalize mashati yangu. Utani tu. Lakini utani ukizoeleka unakuwa cheo, na baada ya mwaka mmoja hata wauza maji walikuwa wanauliza, "Daktari yupo leo?" Sikukanusha. Nitasema ukweli: nilipenda. Mtu ambaye shule aliiacha njiani, akiitwa Daktari na watu wazima, anaanza kutembea taratibu na kukohoa kabla hajajibu.

Miwani ya kwanza nilimuuzia mimi, alipofika miaka arobaini na mitatu, namba moja. Ikaja moja na nusu, kisha namba mbili. Ndiyo njia ya macho ya watu wote: umri unaenda, maandishi ya karibu yanakimbia, unayafuata kwa miwani. Hilo nilikuwa nalijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba nilikuwa najua hilo tu.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili aliponirudishia. Ilikuwa asubuhi, hata meza sijamaliza kuipanga.

"Daktari, pokea mali yako."

"Imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Macho yamepona."

Nikacheka. Nina kipande cha gazeti nilichokibandika kwenye kadi, chenye matangazo ya vifo na minada, herufi ndogo kuliko sisimizi, ndicho ninachopimia wateja. Nikampa. Akasoma bila miwani. Akasoma majina ya wafiwa, akasoma tarehe, akashuka mpaka ule mstari wa chini kabisa wa jina la kiwanda cha uchapaji, mstari ambao mimi mwenyewe nilikuwa nausoma kwa miwani na kwa kukumbuka.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "umerudi ujanani. Bado meno na nywele."

Tulifurahi, Mungu anajua. Alininunulia soda, yeye akanywa mbili, akashushia na chupa ya maji, akainuka kwenda choo cha nyuma. Akarudi, akanywa tena, akaenda tena. Mlinzi aliyekaa na ufunguo wa choo kile alikuwa na maneno yake: "Fundi, hamishia benchi huko, utaokoa viatu." Suruali ilikuwa inamvuka, na kila baada ya mwezi alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kwa msumari wake wa kazi, safi, kama tundu la kiwandani. Tulilisifia lile tundu. Macho yetu manne, miwani meza nzima, na hakuna aliyeona kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa anaipunguza hiyo nguo kwa mkono wake mwenyewe.

Mkewe ndiye aliyeanza kulalamika. Alikuwa akimletea chakula cha mchana, na siku moja alisimama ng'ambo ya barabara, akapunga mkono mpaka akachoka. Nukta alikuwa amemkodolea macho na hakumjua. Alipovuka alikuja na moto.

"Unanitazama kama mgeni, mume wangu? Nimekukosea?"

"Sikukuona, mke wangu. Mbali pamekuwa na ukungu kidogo."

"Kidogo? Nimevaa gauni la njano!"

"Sasa mbali nina kazi nako gani?" akasema Nukta, akacheka, akamwonyesha kiungo cha mkufu kwenye ncha ya kibano. "Riziki yangu iko hapa, mbele ya pua. Hapa naona kama mwewe."

Mimi nikamuunga mkono. Nikamwambia shemeji kwamba macho ni kama blanketi fupi, ukifunika mabega miguu inabaki nje. Sijui nililitoa wapi hilo. Alinitazama kwa heshima kidogo, na mimi nikakohoa.

Kilichompeleka zahanati si macho. Ni kidonda cha kidole cha mguu, alichokipata kwa kudondosha nyundo, kikakaa miezi miwili bila kufunga. Mkewe akamvuta kwa nguvu. Muuguzi alimchoma kidole, akaangalia kimashine, akamchoma kidole kingine maana hakuiamini namba ya kwanza. Sukari kumi na tisa. Akampima presha, nayo mia na tisini kwa mia na kumi. Akampa vidonge vya sukari, vidonge vya presha, maelezo ya chakula, na barua ya kwenda kliniki ya macho hospitali kubwa.

"Barua ya macho ya nini?" nilimuuliza aliponisimulia.

"Eti wakaangalie nyuma ya macho."

"Nyuma ya macho kuna nini?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo! Nikamwambia, dada, nyuma ya macho kuna kichwa." Akacheka mpaka akashika benchi. Barua akaisukuma kwenye droo, chini ya karatasi za msasa.

Dawa alianza kunywa kwa uaminifu. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walimfanya aonekane mkaidi, na hakuwa mkaidi. Alikunywa asubuhi na jioni, akaacha soda, akaacha sukari kwenye chai. Kiu ikapungua. Safari za choo zikapungua, mlinzi akakosa la kusema. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Na siku ya nane au ya tisa, akaniita.

"Daktari, hebu nipe ile miwani yangu."

"Ujana umeisha?"

"Sijui. Leo viungo vya mkufu vinaelea."

Nikampa namba mbili. Siku tatu ikamtosha, kisha ikawa haitoshi. Nikampa mbili na nusu. Alhamisi akaikataa, nikampa tatu. Wiki iliyofuata asubuhi anataka tatu, mchana anasema imezidi. Katika maisha yangu ya kuuza miwani sijawahi kuona macho yanapanda na kushuka kama maji ya bomba. Nilianza kuogopa, lakini koti lilikuwa limenivaa, na mtu aliyevaliwa na koti haruhusiwi kusema hajui.

Kisha likatokea la mkufu. Mwalimu mmoja mstaafu alileta mkufu wa marehemu mama yake, kiungo kimoja tu kimekatika. Kazi ya dakika tano. Nukta alivaa namba tatu, akainama, akapuliza. Nilikuwa namhudumia mteja, nikasikia kimya. Mrija umeacha kulia. Nilipogeuka alikuwa amekaa na kitone cha dhahabu kiganjani, mviringo, kinang'aa. Viungo vitano vya mkufu vilikuwa vimeyeyuka vikawa kitu kimoja. Hakuwa ameona moto ulipokuwa unalala.

Mwalimu hakugomba. Laiti angegomba. Alichukua kitambaa, akaomba vipande vyote na kile kitone, akavifunga, akasema, "Haidhuru, mwanangu," akaondoka. Nukta alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili na mvi kidevuni, na kuitwa mwanangu namna ile kulimmaliza. Siku mbili hakuja kazini.

Siku ya tatu alikuja, hakukaa kwenye stuli yake, alikaa kwenye stuli ya wateja wangu.

"Nieleze," akasema. "Wewe unajua macho."

Nakumbuka kila neno, maana nimeyarudia peke yangu mara nyingi kuliko sala.

"Kabla ya hivi vidonge ulikuwa unaona?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naona."

"Ulisoma gazeti langu bila miwani?"

"Nilisoma."

"Na baada ya vidonge?"

"Ndiyo hivi."

"Sasa, ndugu yangu, unataka shahidi gani tena? Dawa kali zina madhara yake. Ziache kwanza. Macho yakitulia utaanza tena."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka, na nikamwona mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na mimi nilijisikia nimefanya kazi ya maana siku ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwamba nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Kibaya zaidi, ilifanya kazi. Baada ya wiki chache miwani ikaanza kumzidi namba, akashuka mpaka mbili, mpaka moja, na mwezi ulipoisha alikuwa anaunga mikufu bila kitu usoni. Alinisifu barabara nzima. Watu walikuja na macho yao mekundu, na matone waliyopewa hospitali, na watoto wao wenye makengeza, wakiniuliza waache nini. Nikawajibu. Mungu anisamehe, niliwajibu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye kiu, mchangamfu. Soda zilirudi. Vidonge vya sukari hakugusa tena, vya presha alikuwa anameza siku ambazo kichwa kinamuuma, kama watu wanavyomeza dawa ya kichwa, na kichwa kikitulia anasema presha imekwenda. Hakuna siku aliyosema jicho linamuuma. Hakuna siku jicho lilikuwa jekundu. Kama ugonjwa ungekuwa na tabia ya kubisha hodi, tungefungua.

Ulikuja saa nne ya asubuhi, kazini. Alikuwa anaunga bangili, amevuta pumzi, anapuliza mrija. Akaacha ghafla, akaanza kupangusa hewa mbele ya uso wake.

"Hizi nyuzi zinatoka wapi?"

"Nyuzi gani?"

"Nyeusi. Zinashuka. Taa inatoa masizi leo?" Akaipunguza taa, akasugua jicho la kulia. "Masizi yameniingia. Njoo uniangalie."

Nikaenda. Nilimgeuza kwenye jua, nikamfungua kope kwa vidole viwili kama nilivyoona madaktari wanavyofanya. Jicho lilikuwa jeupe, safi, limetulia. Nikaliosha kwa maji ya chupa. Nikamwambia halina kitu, apumzike, masizi yatatoka yenyewe.

Kufikia adhuhuri nyuzi zilikuwa zimekuwa utando, na utando umekuwa pazia la rangi ya kutu. Alikaa siku tatu akingoja masizi yatoke. Siku ya nne mkewe alinikuta mezani akaniambia twende sote, maana akitoka na mumewe peke yake atarudishwa njiani na maneno yake.

Kliniki ya macho ina benchi refu, na watu wote wamekaa wameinua videvu, wametiwa matone, wanangoja mboni zipanuke. Nilikaa katikati yao nimevaa koti langu. Mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza zamu yake itafika lini, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nililivua, nikalikunja, nikalikalia. Sijalivaa tena.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa binti yangu wa pili. Alimwangalia Nukta jicho moja, akaangalia la pili, akarudi la kwanza, akakaa nalo muda mrefu. Mtu akikuangalia nyuma ya macho kwa muda huo wote, unajua kwamba kuna kitu huko.

"Mzee, sukari umeijua lini?"

"Miaka miwili."

"Na dawa?"

Nukta akanyamaza. Mkewe akanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, nami nikanyamaza vizuri kuliko wote.

Alitueleza taratibu, hana hasira, na ningependa angekuwa nayo. Kule nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, unaitwa retina, na mishipa ya damu inayoulisha ni myembamba kuliko unywele. Sukari ikizidi miaka na miaka inaichakaza ile mishipa, inavuja, inaziba. Jicho likikosa damu linaotesha mishipa mipya, mibovu, isiyo na nguvu. Presha nayo inasukuma. Siku moja mmoja unapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho.

"Ni kama mrija wa karatasi," Nukta akasema polepole, "halafu mtu anaupuliza."

"Ndiyo, mzee. Hasa."

"Mimi ndiye niliyepuliza. Nilikuwa napuliza moto."

"Hiyo labda ni sababu ya siku ile. Si sababu ya miaka yote." Akaandika. "Mngekuja miaka miwili iliyopita ningekupiga mionzi ya leza, ningeiziba ile mishipa kabla haijaota vibaya. Jicho la kulia makovu yameshauvuta utando, umebanduka. La kushoto nitajaribu. Siwezi kurudisha kilichoondoka. Nitajaribu kuzuia kilichobaki."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, imekuwaje basi mtu huyu aone vizuri bila dawa, na alipomeza dawa asione? Nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea, sitakuficha.

Akaniuliza kwanza, "Alikuwa anasoma bila miwani, eh? Na mbali haoni?"

"Ndiyo."

"Wengi wanafurahi sana. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho inavimba, mtu wa umri wake anaona karibu kama kijana. Hajapona, amevimba. Akianza dawa, lenzi inarudi hali yake, na karibu panapotea. Kwa muda. Mwezi, mwezi na nusu, kisha macho yanatulia, anapimwa miwani, anaendelea na kazi. Ni kusubiri tu."

Nilirudi nikahesabu. Alianza dawa wiki ya kwanza ya mwezi na alikaa kwenye stuli yangu mwisho wa mwezi huo huo. Siku ishirini na nne. Kama ningekohoa tu nikasema sijui, rudi kwa muuguzi, zilikuwa zimebaki wiki moja mpaka tatu.

Muuguzi wa zahanati nilimfuata, nikamuuliza kama alimwambia kwamba macho yatayumba. Alisema anawaambia wote. Nukta alisema hakuambiwa. Kwenye foleni ile, yule anasema huku anaita jina linalofuata, na huyu anasikia huku anavaa kiatu, naamini wote wawili walisema kweli.

Jicho la kushoto lilipigwa leza mara nne. Na sasa Nukta alikuwa mgonjwa wa mfano. Saa ya kidonge ikifika anainua mkono apewe. Chumvi hakuigusa. Sukari ikashuka mpaka saba, presha ikakaa mahali pake, yule binti daktari akampongeza. Kidonda cha mguu kilifunga kabisa. Akafanya yote, kila moja, na baada ya miezi minne lile jicho la kushoto nalo likamwaga damu, akiwa amekaa tu kwenye kiti nyumbani, hapulizi kitu. Walimfanyia upasuaji. Damu ikatolewa, na nyuma yake hapakuwa na cha kuokoa. Sasa anatofautisha dirisha na ukuta. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini kwa Nukta mjukuu alikuja kabla baba hajajua ana mtoto.

Mimi bado nauza miwani. Nifanye nini kingine? Ila mtu akija kunirudishia kwamba macho yamepona, namwambia aende akapime sukari. Mwezi uliopita nilimwambia mama mmoja, mnene, mchangamfu, ana chupa ya maji mkononi. Alinijia juu. "Nimekuja kukupa habari njema, wewe unaniombea maradhi?" Akaenda meza ya tatu, kwa kijana mwingine muuza miwani, mwenye spika. Nilimwona anasoma kadi ya yule kijana, anacheka, yule kijana anampigia makofi.

Juzi Nukta na mkewe walikuja kuchukua vyombo vya kazi. Sehemu ya chini ya ngazi imekodishwa kwa muuza vifaa vya simu. Mkewe alikuja na beseni na vitambaa, akamkalisha Nukta kwenye stuli yake, akawa anamtilia kila kifaa mkononi naye anakitaja: tupa ya duara, kibano kidogo, koleo bapa. Alikuwa anavijua vyote. Alipofika kwenye mrija alimrudishia mkewe bila kuutaja.

Shemeji alikuwa amekonda. Alikuwa anafunga vyombo huku anaongea chini chini, si kwangu wala kwa mumewe. Nilisikia ni habari ya chai. Miaka ishirini na saba amemtilia vijiko vinne vya sukari kwenye chai ya asubuhi. Vinne. Mkono wake mwenyewe. Nani alimtuma vinne?

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka kwenye meza yangu.

"Shemeji, si chai. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aache dawa."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Alikwambia?"

"Siku ile ile. Alirudi akasema, mwenzangu wa miwani ananishauri nipumzike na hivi vidonge." Alikaza fundo la kitambaa kwa meno, akaendelea. "Nilijua wewe si mtu wa hospitali. Sikuwa mjinga. Lakini alikuwa hajala tangu siku ya ule mkufu, analia usiku kucha, mtu mzima. Nikasema, afadhali huyu amempa mume wangu pa kushika. Vidonge vya sukari nilivichukua mimi nikavimwaga chooni, asije akashawishika kuvinywa tena. Vya presha nikambakishia, nikidhani ni vya kichwa."

Nukta alikuwa hatua mbili kutoka tulipokuwa. Alisikia kila neno. Aligeuza uso kutufuata kwa sauti, akakosea kidogo, akawa anautazama ukuta.

"Ulivimwaga?" akauliza.

"Nilivimwaga."

"Nilidhani nimevipoteza," akasema. "Mwezi wa pili baada ya kuviacha nilivitafuta. Nilitaka kuanza tena. Nikaona aibu kukuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu alikoweka ufunguo. Kisha akainuka, akapapasa ukingo wa benchi, akanyoosha mkono mbele ili mmoja wetu amshike tuvuke barabara.

Shemeji alinitazama, nami nikamtazama yeye. Tulikuwa wawili pale, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mkono wa Nukta ukakaa hewani.